KITI SI DAWA YA MOYO



Leo hatuandiki juu ya mshahara. Tunaandika juu ya kiti. Huenda wengine watacheka, lakini twawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana kosa tutakalolieleza hapa tulilifanya sisi wenyewe wa chama. Tulilifanya kwa nia njema, na kwa ajili yake mwenzetu mmoja yu karibu kupoteza kazi.

Mwenzetu huyu ni askari wa lango katika kiwanja kimoja cha Kakuma. Jina lake hatulitaji, wala la tajiri wake, kwa sababu shauri halijaisha. Ni mtu wa makamo, ana watoto shuleni, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzunguka ua usiku kucha na tochi mkononi. Mwaka jana alianza kukosa pumzi. Hakuweza kulala ila ameegemea mito mitatu. Viatu vya kazi vikakataa kuingia kwa uvimbe wa miguu. Alipofika hospitali akaambiwa kwamba moyo wake umechoka, hausukumi damu kama ipasavyo. Akalazwa, akapewa dawa za kutoa maji mwilini, akapewa na vidonge vya kila siku, akarudi nyumbani uvimbe umekwisha na usingizi umerudi.

Basi alipotaka kurudi kazini, sisi tulikwenda kwa mwajiri kumsemea. Tuliomba apewe kazi nyepesi. Mwajiri, tuseme kweli, hakutukatalia. Alimpa kiti cha plastiki kivulini, kitabu cha kuandikia nambari za magari, na amri moja: asiinuke. Lango atafungua mwingine. Maji ataletewa. Sisi tukaandika katika kumbukumbu za mkutano kwamba tumeshinda, tukapiga makofi.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Mkewe kwa huruma hakumruhusu kujichotea hata kikombe cha maji. Watoto walimwitia pikipiki ya kwenda kazini, mwendo ambao zamani aliutembea kwa robo saa. Akitoka katika kiti cha kazi anaingia katika kiti cha nyumbani, na akitoka hapo anaingia kitandani.

Baada ya miezi saba miguu yake ilikuwa imekonda. Akisimama anashikwa na kizunguzungu. Akienda hatua thelathini anatweta. Ndipo mwajiri alipoandika barua ya kumpa habari kwamba, kwa kuwa hana tena nguvu za kazi yo yote, anakusudia kumwachisha. Tulikasirika sana. Tukamsindikiza kliniki ili tupate karatasi ya kumtetea. Tabibu alimpima. Presha ilikuwa nzuri, miguu haina maji, mapafu ni safi. Moyo haukuwa umezidi kuharibika. Kilichoharibika ni miguu, ambayo haikutumika. Akatuuliza, "Ni nani aliyemwambia huyu asitembee?" Tukatazamana. Tulimwambia sisi.

Kwa hiyo maoni yetu leo ni haya, na twayasema waziwazi: mfanyakazi mwenye moyo uliochoka, akiisha kutulia kwa dawa, anahitaji mwendo kama anavyohitaji vidonge. Kumpa kiti cha kutwa nzima, hata kama ni kwa huruma, ni kumwachisha kazi polepole.

UGONJWA WENYEWE

Watu wakisikia "moyo umeshindwa" hudhani moyo umesimama. Sivyo. Ninyi mnaotunza pampu za visima mtaelewa upesi. Pampu iliyochoka huendelea kuzunguka, lakini maji hayafiki yote katika tangi la juu. Moyo nao ni hivyo. Damu haiendi mbele kwa nguvu ya kutosha, na maji hubaki nyuma, katika mapafu, tumboni na miguuni. Ndiyo sababu mtu hutweta, hushindwa kulala chali, na viatu humbana.

Tena msidhani kwamba huu ni ugonjwa wa wazee tu. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya madaktari waliowafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa ugonjwa huu katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya wagonjwa wa namna hii wengi wao wamekwisha pita miaka 70. Nusu yao walikuwa wanawake. Sababu iliyoongoza ilikuwa presha ya damu, karibu wagonjwa 45 katika kila 100, na baada yake zikafuata nyingine, mojawapo ikiwa milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya viungo vya utotoni. Ndani ya miezi 6, karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa.

Fikirini juu ya umri huo wa miaka 52. Si umri wa pensheni. Ni umri wa dereva mkuu, wa karani mwenye funguo za stoo, wa mama mpishi wa shule, wa askari anayelipia karo watoto watatu. Kwa hiyo ugonjwa huu ni jambo la chama cha wafanyakazi kama vile mshahara ulivyo jambo la chama.

WAZO LA KUPUMZIKA LILITOKA WAPI

Hatutaki kuwalaumu mno wake zetu na watoto wetu, wala sisi wenyewe. Wazo la kumkalisha mgonjwa wa moyo lilitoka kwa madaktari. Zamani mgonjwa aliyeshikwa na moyo alilazwa kitandani kwa majuma mengi, akilishwa na kuogeshwa. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika kwamba ni afadhali mtu wa namna hiyo akalishwe katika kiti kuliko kulazwa chali siku zote. Wakati huo kiti kilikuwa maendeleo, tena watu wengi waliona ni jambo la hatari. Basi kiti kilikuwa hatua ya kwanza ya kumtoa mgonjwa kitandani. Kosa letu ni kwamba sisi tumeifanya hatua ya kwanza kuwa ya mwisho.

Madaktari waliendelea mbele. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa kwa wagonjwa 2,331 wenye moyo dhaifu sana lakini waliotulia kwa dawa. Nusu yao walipewa mazoezi ya kutembea au ya baiskeli, kwanza chini ya uangalizi, kisha nyumbani. Nusu nyingine walipata matibabu ya kawaida tu. Twapenda kuwaambia ukweli mtupu. Faida katika hesabu ya vifo na kulazwa hospitalini haikuwa kubwa, na ilionekana wazi baada tu ya kurekebisha hesabu kwa kufikiri jinsi kila mgonjwa alivyokuwa mwanzoni. Tena wengi hawakufuata mazoezi kama walivyoagizwa. Lakini mambo mawili yalithibitika. La kwanza, mazoezi hayakuwadhuru. La pili, waliofanya mazoezi walijisikia vizuri zaidi katika maisha yao ya kila siku. Leo madaktari wa moyo wa Ulaya na Marekani wanashauri mazoezi kwa kila mgonjwa wa namna hii aliyetulia na anayeweza.

Mtu atasema, hayo ni ya Wazungu wenye vyumba vya mazoezi na mashine. Basi tuje hapa karibu. Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambako hata wagonjwa wa Turkana hupelekwa, walichukuliwa wagonjwa 100 wenye moyo uliochoka. Wengine walifanya mazoezi hospitalini chini ya uangalizi, wengine walifanya nyumbani wakiwa na kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, na wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Taarifa ilichapishwa mwaka 2022. Huko nako wengi walishindwa kufuata ratiba yote, kwa maana maisha ya mtu wa kawaida yana nauli na shamba na watoto. Lakini ilionekana kwamba jambo hili lawezekana Kenya, na lawezekana hata nyumbani.

Na kipimo chake hakitaki mashine. Chaitwa mwendo wa dakika sita. Wanachukua ukumbi au uwanja wenye urefu wa mita 30, saa ya mkononi, na kiti cha kupumzikia. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa mwendo wake mwenyewe, na baada ya dakika 6 wanahesabu mita. Mita zikiongezeka mwezi kwa mwezi, mambo yanakwenda vizuri. Zikipungua, daktari ajue upesi. Kazi hii yawezekana hata mahali ambapo umeme umekatika.

KWA NINI MIGUU NI MUHIMU

Mtu mwenye moyo dhaifu hachoki kwa sababu ya moyo peke yake. Nyama ya mguu isiyotumika hukonda na kusahau kazi yake ya kuchukua hewa safi kutoka katika damu. Basi damu kidogo inayofika haitumiki vizuri, na kila hatua inakuwa mlima. Mtu akiona kila hatua ni mlima, anakaa zaidi. Akikaa zaidi, miguu inakonda zaidi. Huo ndio mviringo uliomshika askari wetu. Mwendo wa kila siku huuvunja, kwa kuwa mguu wenye nguvu huupunguzia moyo mzigo.

Watafiti waliowafunga wagonjwa wa namna hii vifaa vya kupima mwendo wameona kwamba sehemu kubwa ya saa wanazokuwa macho huzipitisha wamekaa. Kwa hiyo mambo ni mawili, si moja. Jambo moja ni kupata matembezi ya kila siku. Jambo jingine ni kutokaa muda mrefu mfululizo. Mtu anayetembea nusu saa alfajiri kisha akakaa saa kumi bila kuinuka hajamaliza wajibu wake.

NA SISI TULIO WAZIMA

Wako wanaosoma haya wakisema, moyo wangu ni mzima, hayanihusu. Tuwape habari ya wafanyakazi wenzetu wa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza na wenzake walichapa habari za wanaume 31,000 waliofanya kazi katika usafiri wa mji wa London. Mabasi yao yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Watu wa tabaka moja, kampuni moja, mji mmoja. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo mara chache kuliko madereva, na walipopatwa haukuwaua mara nyingi kama ulivyowaua madereva. Baadaye Morris mwenyewe alichunguza vipimo vya suruali za kazi, akaona kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata wale vijana. Kwa hiyo kiti si sababu pekee, na yeye hakuficha jambo hilo. Lakini tangu siku zile uchunguzi mwingi wa nchi nyingi umezidi kuonyesha kwamba kazi ya kukaa tu ina gharama yake, na mwenye kuilipa ni mfanyakazi.

Nasi tunao ushahidi wetu wa Turkana. Mwaka 2020 watafiti wa Kenya na Marekani walitoa taarifa ya Waturkana zaidi ya 1,200 waliopimwa mahali 44. Wale walioendelea na maisha ya kuchunga mifugo, ambao chakula chao zaidi ni maziwa, nyama na damu, walikuwa na afya nzuri sana ya moyo na mishipa. Waliohamia mijini walikuwa na presha zaidi, unene zaidi na dalili nyingine mbaya. Chakula cha dukani kina sehemu yake katika mabadiliko hayo, na hatusemi kwamba kiti peke yake ndicho kilichofanya. Lakini tazameni maisha yenyewe. Mzee wa Kiturkana huchukua ekicholong mkononi mwake po pote aendapo. Hukaa juu yake, huulalia kichwa, kisha huinuka na kwenda nao. Kiti chake kinatembea pamoja naye. Karani wa Lodwar yeye amefungwa na kiti chake tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kisha anapanda pikipiki kwenda Kanamkemer au Napetet.

Sisi wa vyama vya wafanyakazi tuna sababu nyingine ya kuufikiri mwendo katika nchi hii. Makhan Singh, aliyekuwa katibu mkuu wa East African Trade Union Congress, alikamatwa mwaka 1950 akawekwa Lokitaung. Baadaye Fred Kubai, aliyekuwa rais wa chama hicho hicho, alifungwa huko pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao baada ya kesi ya Kapenguria. Serikali ya kikoloni ilijua vizuri kwamba kumzuia mtu mahali pamoja ni adhabu. Basi yafaa tusiwape wagonjwa wetu adhabu hiyo tukiiita huruma.

WANAOTUPINGA

Katika mkutano wa tawi ndugu mmoja, dereva wa lori, alisimama akatupinga kwa nguvu. Alisema, "Ninyi mnampa tajiri fimbo. Kesho atamwambia mgonjwa wa moyo abebe saruji, na akikataa ataonyeshwa gazeti la chama." Neno hili ni la haki, na twataka kulijibu vizuri.

Kutembea si kubeba. Kwa mtu aliyetoka hospitali juzi, mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na huo si mwendo, ni mzigo. Kuchimba mtaro, kupakia lori na kusukuma gari lililozama mchangani ni kazi nzito, na daktari peke yake ndiye awezaye kusema kama mtu ataifanya. Mwendo tunaousema ni ule ambao mtu aweza kuzungumza maneno yake mpaka mwisho bila kukatika pumzi. Akishindwa kumaliza sentensi moja, apunguze. Waliosema pole pole ndio mwendo hawakukosea.

Tena jua letu si la mchezo. Lodwar joto la mchana hufika digrii 35 na kupita, na Kakuma si nafuu. Wagonjwa wengi wa moyo humeza dawa ya kutoa maji, na mtu anayemeza dawa hiyo akitembea saa saba mchana aweza kukauka, akaanguka. Kwa hiyo mwendo ni wa alfajiri au wa jioni jua likiisha kupoa. Kiasi cha maji ya kunywa kila mmoja amwulize daktari wake, kwa sababu mwingine huambiwa apunguze na mwingine aongeze. Wala asiache vidonge kwa kuwa anajisikia mwenye nguvu. Mwendo hufanya kazi pamoja na vidonge, hauchukui nafasi yake.

Na wako ambao hawapaswi kutembea mpaka wamwone daktari. Yule ambaye uzito wake umeongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku 3. Yule ambaye miguu imeanza kuvimba upya, au pumzi imempotea akilala. Yule mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia, au ambaye moyo unakimbia bila sababu. Hao waende hospitali siku hiyo hiyo, na sisi tuwapeleke.

Pia tusiwasahau wasiokuwa na kiti kabisa. Mama anayefua, kupika na kufagia kutwa nzima shida yake si kukaa. Shida yake ni kazi bila pumziko. Akiugua moyo anahitaji kazi ipunguzwe na igawanywe, mwendo kidogo na kupumzika kidogo. Na wako wenzetu wakimbizi wanaofanya kazi kambini kwa malipo madogo yasiyoitwa mshahara, wakalimani, wahudumu wa afya, walimu, wafagiaji. Mwaka 2025 chakula cha msaada Kakuma kilipunguzwa sana. Mtu mwenye njaa hawezi kujenga nyama ya mguu, hata akitembea mpaka Lokichoggio. Kwa hiyo asije mtu ye yote akawahubiria hao mazoezi bila kusema kwanza habari ya chakula chao.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kuleta zaidi, na yapaswa kuleta zaidi, kwa sababu moyo hautengenei kwa siku 14.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 41, yasema kwamba mwajiri akikusudia kumwachisha mtu kwa udhaifu wa mwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua, na lazima awasikilize. Barua peke yake haitoshi. Ye yote atakayepokea barua kama ile, asitie sahihi kitu cho chote kabla hajafika ofisi ya tawi.

Tena tangu Oktoba 2024 kila mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya SHA. Fedha hizo ni zetu. Twataka kuziona zikirudi kwetu kama presha iliyopimwa na vidonge visivyokatika.

TUNAYOYATAKA

Kwa waajiri wa Lodwar na Kakuma twaomba haya, nayo mengi hayana gharama:

1. Mfanyakazi akirudi kutoka hospitali kwa ugonjwa wa moyo, apewe kazi kwa ushauri wa tabibu ulioandikwa, isiwe kwa kukadiria. Karatasi hiyo iseme mambo mawili: mzigo asioruhusiwa kubeba, na mwendo anaoruhusiwa kwenda.

2. Kazi nyepesi isiwe kazi ya kukaa tu. Askari azunguke ua mara chache saa za baridi, kisha apumzike. Karani apeleke barua mwenyewe chumba cha pili. Kila baada ya nusu saa ainuke, hata dakika mbili, wala asiulizwe anakwenda wapi.

3. Madereva wa safari ndefu za Kitale, Lodwar na Kakuma waruhusiwe kusimama na kunyosha miguu kila baada ya saa mbili, na muda huo usihesabiwe kuwa uvivu.

4. Kivuli na maji safi viwepo kila mahali pa kazi, na kazi za jua zianze mapema.

5. Presha ipimwe kazini angalau mara moja kwa mwaka, na majibu apewe mwenyewe, asipewe msimamizi.

6. Asiachishwe mtu kwa udhaifu kabla hajapewa miezi ya kutosha ya kurudisha nguvu zake.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Kila mwanachama mwenye ugonjwa huu tumtafutie mwenzake wa kutembea naye, dakika tano asubuhi na tano jioni kwa kuanzia, na kuongeza kidogo kidogo kila juma. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitaja dakika 150 kwa juma kwa watu wazima, lakini likasema pia kwamba mwendo wo wote ni bora kuliko kukosa mwendo kabisa, na kwamba watu wapunguze saa za kukaa. Mtu asikate tamaa kwa kuitazama hesabu ya 150. Aanze na tano. Na nyumbani, wake na waume na watoto, mwacheni mgonjwa ajichotee kikombe chake cha maji.

SHAURI LA MWENZETU

Twamaliza kwa habari ya askari wetu. Tulirudi kwa mwajiri wake, na safari hii tulianza kwa kukiri kosa letu. Tulimwambia, kiti tulikiomba sisi, na leo twakirudisha. Tukamwonyesha karatasi ya tabibu. Amekubali kuisimamisha barua yake kwa miezi mitatu. Sasa mwenzetu hutoka nyumbani kabla ya jua, akifuatana na mmoja wetu, na hutembea mpaka kazini akipumzika njiani mara mbili. Jioni huzunguka ua mara moja. Siku ya kwanza ya kipimo cha dakika sita hakuweza kupita ukumbi wa kliniki zaidi ya mara tano. Juzi aliupita mara tisa, na alipomaliza aliweza kutueleza habari zake bila kushika ukuta.

Miezi mitatu itakwisha mwisho wa mwezi ujao, na siku hiyo mwajiri atatoa uamuzi. Twawaomba wanachama wote wa Kakuma wasiokuwa zamu wafike ofisini siku ya kusikilizwa, kwa utulivu na kwa adabu, ili ajue kwamba hayuko peke yake. Wanaoweza kuja kwa miguu, waje kwa miguu.

Umoja ni nguvu.

Sisi, kamati ya tawi.